Sekunde Kumi na Tano

Picha nyingi za mbwa na nyota zinazozunguka mitandaoni zimepigwa mara mbili. Mbwa anapigwa jioni, jua likiwa limezama lakini mwanga bado upo, ametulia juu ya mwamba kwa sababu mwenye mbwa amesimama nyuma ya kamera na kipande cha nyama mkononi. Kisha mbwa anarudishwa kwenye gari, anapewa maji, analala. Mpigapicha anabaki pale pale, haigusi tripodi, anangoja giza liingie vizuri, na saa mbili tatu baadaye anapiga anga. Nyumbani, kwenye kompyuta, zile mbili zinaunganishwa kuwa moja: mbwa wa saa kumi na mbili na nusu chini ya nyota za saa tatu.

Sina ugomvi na njia hiyo. Wengi wanaoitumia husema wazi, na sababu yake ni ya kimaumbile. Mwanga wa nyota ni hafifu. Ili kamera ionyeshe Njia ya Maziwa lazima iache jicho lake wazi kwa sekunde 10, 15, hata 20. Ikizidi hapo, nyota zinaacha kuwa nukta na kuwa vistari, maana dunia inazunguka nyuzi 15 kila saa na haimngoji mtu. Wapigapicha wana hesabu yao ya kukadiria: chukua 500, gawanya kwa urefu wa fokasi ya lenzi, jibu ni sekunde zako. Kamera yangu niliinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika, na kile kipande kinachopokea mwanga ndani yake ni kidogo, kwa hiyo lenzi ya milimita 18 inahesabiwa kama ya 27. Mia tano gawanya kwa 27 ni sekunde 18 na ushee. Mimi hupiga 15.

Sasa mtafute mbwa atakayekaa sekunde 15 bila kutikisa sikio.

Niliyetaka kumpiga si mbwa wa kukaa. Ni mbwa wa nyumbani kwetu Kondoa, na anaitwa Hayawahusu. Baba alimleta wakati wa mvua za 2012, akiwa mdogo wa kuenea kwenye kikapu, kutoka kwa mfugaji mmoja wa upande wa Hanang. Fisi walikuwa wamechukua mbuzi watatu ndani ya mwezi mmoja. Baba ni mwadhini wa msikiti wa mtaani kwetu, na haikupita wiki watu wakaanza kuuliza. Mwadhini na mbwa? Akawaeleza kwa upole kwamba mbwa wa kulinda mifugo ameruhusiwa, sawa na wa kuwinda na wa shamba. Wakauliza tena. Akawakumbusha mbwa wa Watu wa Pangoni, aliyelala kizingitini kanyoosha miguu ya mbele, ametajwa kwenye Qur'ani yenyewe. Wakauliza mara ya tatu. Ndipo mbwa akapata jina.

Kwetu mbwa kupewa jina la kuwajibu majirani si jambo geni. Kuna nyumba iliwahi kuwa na Mtajiju, na nyingine Mwachie Mungu. Lakini la baba lilikuwa na faida ya ziada: kila jioni baada ya isha alisimama uani na ile sauti yake ya minarani akaita, "Hayawahusu! Hayawahusu, njoo!" na mtaa mzima ukasikia. Sisi watoto tulilifupisha. Tulimwita Haya.

Haya alikuwa na bakuli lake, banda lake na sheria zake. Mchana hafunguliwi. Ndani haingii, hata mvua inyeshe namna gani. Akikulamba, chombo au mkono unaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Sikumbuki baba akimshika kwa kiganja. Alichofanya, kila jioni, ni kusimama karibu na banda akamkuna mgongo kwa ncha ya bakora yake, taratibu, toka shingoni hadi mkiani, na Haya akafumba macho. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao. Kwenye albamu ya nyumbani kuna mbuzi wa Idi miaka minne tofauti, kuna baiskeli, kuna redio ya mkulima imepambwa kwa kitambaa. Mbwa hayumo.

Wala isingekuwa rahisi kumweka. Mbwa wa ulinzi ni kiumbe cha usiku. Saa ambazo watu hupiga picha, yeye amefungiwa, amelala. Saa ambazo ameamka na anaitawala dunia yake, kamera za watu haziwezi kitu. Kwa hiyo nilipoanza kujifunza kupiga anga la usiku, nikiwa Dar es Salaam ambako hakuna anga la kupiga, wa kwanza niliyemfikiria alikuwa Haya. Huyu ndiye kiumbe pekee wa nyumbani kwetu ambaye picha yake halali ni ya usiku.

Lakini hiyo ilikuwa hamu tu, ya mtu mwenye kamera mpya. Sababu ilikuja baadaye, kutoka kwa baba.

Baba alikuwa mtu wa nyota. Si kwa vitabu. Alizijua kama mkulima anavyozijua, na kidogo kama mtu wa madrasa. Alitufundisha Kilimia, kile kikundi kidogo kinachofanana na kumbikumbi waliokusanyika, na kwa nini kinaitwa hivyo: watu walikitazama ili wajue muda wa kulima. Alitufundisha kutafuta kusini kwa ile nyota nne za msalaba. Alituonyesha Shi'ra, nyota angavu kuliko zote za usiku, ambayo wapigapicha wenzangu huiita Sirius, na akatusomea pale ilipotajwa katika Surat An-Najm. Umeme ulikuwa haujafika kwetu. Masomo hayo yalifanyika juu ya mkeka uani, na yalikatizwa na usingizi.

Julai moja nilikuwa nyumbani likizo. Tulikaa nje baada ya chakula, mimi, baba na mama. Kondoa mwezi wa saba hakuna wingu. Kuna baridi, kuna vumbi, na kuna nyota hadi unaona aibu. Baba akainua uso, akatazama juu kwa muda, akasema, "Siku hizi usiku una mawingu sana."

Mama alinitazama. Hakuna aliyemjibu.

Hospitali moja Dodoma walisema ni presha ya macho, glakoma. Daktari alikuwa kijana, alieleza vizuri. Ndani ya jicho kuna maji yanayotakiwa kuingia na kutoka. Yasipotoka sawasawa, shinikizo linapanda na kuubana mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Mshipa ukifa hauoti tena. Matone yanazuia usiendelee kufa, hayarudishi kilichokwenda. Huanzia pembeni, akasema, kwa hiyo mtu hajui. Anaendelea kusoma, anaendelea kumtambua mkewe, na huku kingo za dunia zinaliwa. Penye mwanga hafifu ndipo inapodhihirika. Baba aliuliza swali moja tu: kama ataweza kuendelea kutoa adhana. Daktari akamwambia adhana haihitaji macho. Baba akasema, "Njia ya kwenda kuitoa inahitaji."

Njia hiyo ni ya dakika kumi kwa mguu, na ya alfajiri anaipita kabla ya mtu yeyote kuamka, maana yeye ndiye wa kuwaamsha. Tangu zamani Haya alimsindikiza. Hakuna aliyemfundisha. Ilikuwa ndiyo mwisho wa zamu yake ya usiku: baba anafungua mlango, mbwa yupo, wanaondoka. Mbwa hafiki msikitini. Anaishia mahali fulani njiani, na baba akitoka kuswali anamkuta, wanarudi pamoja. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa. Hakuna kati yetu aliyekuwa ameona, kwa kuwa saa hizo sote tulikuwa tumelala.

Agosti 2023 nilirudi nyumbani kwa wiki mbili. Nilichagua siku hizo kwa kalenda ya mwezi, mwandamo ukiwa tarehe 16 na 17, ili nipate usiku mweusi. Jioni ya kwanza, nikimtilia baba matone, akauliza kichwa kikiwa bado kimelazwa nyuma, "Hivi Haya bado ananingoja njiani? Kwenda namsikia, kucha zake kwenye changarawe. Lakini akishakaa simsikii tena. Na simwoni. Nikitoka kuswali kumeshapambazuka, namkuta yupo. Sijui kama anakaa pale muda wote au anakwenda zake na kurudi."

Nikamwambia nitatazama.

"Utaniambia," akasema. Kisha akafikiri. "Au piga hiyo picha yako. Kwenye simu naona, nikiweka karibu."

Ni kweli. Uoni wake wa katikati ulikuwa bado mzima. Maandishi makubwa kwenye kioo cha simu aliyasoma bila shida. Kilichokuwa kimekwenda ni giza, na kamera inafanya jambo ambalo jicho haliwezi: inakusanya. Jicho linapokea mwanga na kuutumia hapo hapo. Kamera ikiachwa wazi inalimbikiza, tone juu ya tone, hadi kisichoonekana kinaonekana. Kisha kioo cha kompyuta kinakitoa kikiwa na mwanga wake chenyewe. Baba asingeweza kuona usiku tena, lakini ungeweza kuletwa kwake ukiwa umegeuzwa kitu kinachowaka.

Hapo ndipo ile njia ya kuunganisha picha mbili ilipokosa kazi. Baba hakuwa anauliza mbwa anafananaje, wala nyota zikoje. Yote hayo anayajua kuliko mimi. Alikuwa anauliza kama mbwa yupo pale, saa ile, chini ya anga ile. Picha ya kuunganishwa ingemwonyesha mbwa na nyota. Isingemjibu.

Nikaanza uani, kwa majaribio. Usiku wa kwanza nilimwita Haya, nikamwekea utumbo wa mbuzi juu ya kinu kilichopinduliwa, nikafungua kamera. Sekunde 15 zikatoa ukungu wa rangi ya udongo wenye macho sita.

Usiku wa pili nikatumia njia ya flashi. Kamera inafunguliwa, mwanzoni kabisa flashi inapiga mara moja, mbwa anaganda kwenye picha kwa ule mmweko wa chini ya sekunde, na muda unaobaki ni wa nyota. Ina adabu zake. Nyuma ya jicho la mbwa kuna tando kama kioo inayorudisha mwanga upitie mara ya pili. Ndiyo inayompa uwezo wa kuona penye giza, na ndiyo inayofanya macho yawake kijani ukimmulika usoni. Kumpiga flashi kali mnyama ambaye macho yake yameshazoea giza ni ukatili mdogo, lakini ni ukatili. Nikaishusha nguvu hadi mwisho, nikaifunga kanga ya mama iliyokunjwa mara mbili, nikaiweka kwa ubavuni. Taa yangu ya kichwani ilikuwa nyekundu, ambayo mbwa haioni vizuri na ambayo haiharibu macho ya mtu yaliyozoea giza. Hayo huchukua karibu nusu saa kujenga na nukta moja kubomoa.

Haya alikaa. Flashi ikapiga. Akaondoka.

Kinachotokea mbwa akiondoka ni hiki: mwili wake umeshaandikwa, lakini sekunde zinazobaki kamera inaendelea kupokea kilichokuwa nyuma yake. Kwenye kioo cha kamera Haya alikuwepo kamili, sikio lililochanwa na fisi mwaka 2015, mbavu, mkia. Na ndani ya kifua chake kulikuwa na nyota. Si za kuakisiwa. Zilipita katikati yake kana kwamba ngozi yake ni chandarua.

Nilimwonyesha mama asubuhi. Akasema, "Futa hiyo. Umepiga jini."

Usiku wa tatu nilipata majini manne zaidi.

Asubuhi iliyofuata niliamka saa kumi na nusu, bila tripodi, kamera ikiwa begani tu, nikamfuata baba. Nilibaki nyuma hatua hamsini hivi. Alikuwa na tochi, nayo alimulika miguu yake tu, duara dogo la changarawe linalotangulia. Haya alikuwa mbele kidogo kushoto. Niliona kitu ambacho baba hakuwa amekitaja, labda kwa sababu hakijui: penye korongo dogo, ambapo njia inajipinda, Haya alipunguza mwendo hadi kucha zake zikasikika karibu kabisa na baba, na walipovuka akaongeza tena. Alifanya hivyo mara mbili. Zamani mbwa huyu alikuwa anakimbia huku na kule njia nzima. Nilimwona mara nyingi wakirudi, enzi zile nikienda shule.

Kabla ya kufika barabara kubwa kuna jiwe. Ni jiwe la kimo cha kifua, bapa juu, la aina iliyojaa kwenye vilima vya kwetu. Watu wa kupanua barabara walikuwa wameshaliwekea alama ya X kwa rangi nyekundu. Haya alipanda. Baba akasimama, akainua tochi, akammulika, kidogo tu, muda wa kusema "haya baba", kisha akaishusha na kuendelea. Alimmulika kwa kukisia. Aliujua urefu wa jiwe kwa miaka.

Nami nikaishia pale. Alfajiri msikiti wetu hauna nafasi ya wanawake. Mimi na mbwa, kila mmoja kwa sababu zake, tulibaki barabarani.

Nilimtazama kwa dakika zote hizo. Hakuna nyama iliyokuwa mkononi mwangu na hakunitazama mimi. Alikaa kitako, miguu ya mbele pamoja, uso upande alikokwenda baba. Adhana ilipoanza, masikio yalisogea mara moja kuelekea kwenye sauti, yakabaki huko. Mbwa ambaye nyumbani hakuweza kutulia kwa muda wa kumeza utumbo alikaa kama sehemu ya lile jiwe, dakika arobaini.

Kesho yake nilitangulia. Tripodi niliiweka chini kabisa, karibu usawa wa majani, ikitazama mashariki, ili jiwe lote na mbwa viangukie kwenye anga. Lenzi milimita 18, tundu lake wazi hadi mwisho, ISO 3200. Saa kumi na moja na dakika kumi nilisikia changarawe. Haya alinipita bila salamu, akapanda jiwe, akakaa. Nikafungua kamera wakati baba ameshafika usawa wa jiwe. Sikuwa na flashi. Tochi ya baba ikapanda, ikamgusa mbwa kwa kitu kama sekunde moja, ikashuka, ikaendelea na njia.

Sekunde 15 ni nyingi ukizihesabu gizani. Kisha kamera ikafunga.

Picha iko hivi. Chini ni jiwe, jeusi, na ukitazama sana unaona mguu mmoja wa ile X. Juu ya jiwe amekaa Haya, ubavu wa kushoto ukiwa na mwanga wa tochi, sikio lililochanwa likionekana wazi, kila unywele wa shingoni mahali pake. Mkia ndio haukutulia. Uligonga jiwe tochi ilipomgusa, na kwenye picha umekuwa kama moshi. Kulia kwake, theluthi ya anga, ni Shi'ra. Juu zaidi ni lile kundi ambalo wazungu huliita Orion, limelala ubavu. Kushoto, chini, ndiyo kwanza imetoka kwenye vilima, ni nyota nyingine angavu iitwayo Procyon.

Wagiriki wa kale waliweka mbwa wawili upande huo wa anga, mkubwa na mdogo. Sirius ni ya Mbwa Mkubwa, Procyon ni ya Mbwa Mdogo, na jina Procyon maana yake ni anayetangulia mbwa, kwa sababu Ugiriki huchomoza kabla ya Sirius. Kondoa, nyuzi tano tu kusini mwa ikweta, mambo ni kinyume: Shi'ra inatoka kwanza, na huyo anayedaiwa kutangulia anakuja karibu saa nzima baadaye. Nilipenda hilo. Nyota zile zile, lakini foleni inapangwa na mahali uliposimama.

Na kuna umri. Mwanga wa Sirius husafiri miaka 8.6 hadi kutufikia. Ulioingia kwenye kamera yangu ulianza safari mwanzoni mwa 2015, mwaka ambao Haya alipambana na fisi na kurudi na sikio nusu. Wa Procyon husafiri miaka kumi na moja na nusu kasoro kidogo. Ulitoka huko mwanzoni mwa 2012, mvua zikinyesha Kondoa, kipindi kile baba alipokuja na kikapu. Mwanga wa tochi ya baba ulisafiri hatua kumi. Yote imefika ndani ya sekunde 15 zile zile na kukaa kwenye kipande kimoja kisichozidi ukubwa wa stempu.

Utafiti mmoja wa 2016 ulikadiria kwamba zaidi ya theluthi ya watu duniani hawawezi tena kuiona Njia ya Maziwa wakiwa makwao, kwa sababu ya taa. Huwa nawakumbuka nikiwa Dar. Lakini siku ile nilikuwa na haja ya kumwonyesha mtu mmoja tu.

Nilimngoja anywe chai. Nikaweka laptopu mezani, nikaongeza mwanga wa kioo hadi mwisho, nikafunga dirisha. Baba akasogeza uso hadi pua yake ikawa na rangi ya bluu. Hakuanza na mbwa. Alianza juu, kushoto, na akawa anahamisha kichwa kidogo kidogo kama mtu anayesoma mstari kwa mstari, kwa kuwa anachoona kwa wakati mmoja ni kipande tu. Kilipofika kipande chenye Shi'ra akasimama. Akaitaja jina. Kisha akaendelea, akateremka, akamfikia Haya, na hapo akakaa muda mrefu.

"Anakaa hivi muda wote?"

"Muda wote, baba. Nilimwangalia hadi ulipotoka."

"Hashuki?"

"Hashuki."

Akaitikia kwa kichwa. Kwa kidole alifuata kitu kwenye kioo, chini ya jiwe: mstari mwembamba wa mwanga mweupe, unaoanza katikati, unaruka juu kama nundu mara moja, kisha unakwenda kulia ukicheza hadi kutoka kwenye picha.

"Hii nini?"

"Hiyo ni tochi yako. Hapo ulipoinua ndipo ulipommulika."

"Na mimi niko wapi?"

Nikamweleza kwamba kamera ikiachwa wazi hivyo, mtu anayetembea gizani haiandiki sura yake. Anapita mno. Kinachobaki ni mwanga alioushika.

Baba akatazama tena ule mstari, akaufuata kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho. "Watu wa Kolo walichora twiga na tembo kwenye majabali," akasema, "wakaja watu wa UNESCO kuyahifadhi. Mwanangu amechora mbwa na tochi." Na akacheka, kicheko chake cha zamani, akamwita mama aje aone mumewe alivyo mwembamba.

Niliisafisha Dodoma, ukubwa wa kalenda. Ikazuka hoja ya wapi itundikwe. Mama alikuwa na msimamo: picha ya kiumbe, na kiumbe chenyewe mbwa, sebuleni kwa mwadhini haikai. Baba hakubishana. Ilitundikwa nje, ukutani chini ya upenu, usawa wa banda. Kwa hiyo hata picha ya Haya haijawahi kuingia ndani ya nyumba yetu. Jioni, baba akimaliza kumkuna Haya kwa bakora, huisogelea ile picha hadi karibu kabisa na kuitazama kabla jua halijazama, kipande kwa kipande.

Nilimweleza pia habari za Procyon. Mwanga ulioiacha nyota ile alfajiri tuliyopiga picha uko njiani sasa hivi. Utafika mwanzoni mwa 2035. Haya hatakuwepo, hilo sote tunalijua. Mbwa wa miaka kumi na mmoja tayari ni mzee. Baba, Mungu akimjalia, atakuwa na miaka 81. Akauliza kama wakati huo itakuwa inachomozea upande ule ule, kushoto kwa jiwe. Nikamwambia ndiyo, hizo hazihami kwa haraka hiyo.

"Basi kesho twende ofisini kwa watu wa barabara," akasema. "Wasilivunje lile jiwe."